Tanga la Pascasie Linanuka Fromage

Kituku, Goma, tarehe 6 mwezi wa pili 2022

Kwa Charline, bibi yangu mudogo, mwalimu wa Bukavu,

Kama karatasi hii imekufikia na harufu ya samaki, usinilaumu. Ni Mapendo wa bateau, ile mashua ya abiria ya Bukavu, ndiye ameibeba, na huyu kijana anatia barua za watu mufuko moja na chakula chake.

Kwetu tuko wazima. Magoti yangu yanalia kila asubui sawa mulango wa kanisa, lakini yananifikisha ku maji. Jino moja la mbele lilianguka siku ya Bonane, mwaka ukianza. Nimebaki na mawili, na yanakaa mbali sana, hata kusalimiana hayasalimiane. Mama Angèle, jirani yetu anayeuza sambaza, wale samaki wadogo, anakusalimia. Mbuzi wake alikula kofia yangu ya misa. Padri Édouard anasema ni mapenzi ya Mungu. Mimi nasema ni mbuzi.

Unauliza juu ya nini simu yangu haipatikane. Ilianguka mu ziwa, na sitanunua ingine. Mu simu watu wanasikia sauti inatetemeka wakati uko unadanganya. Karatasi haitetemeke.

Sasa jambo lenyewe. Bienvenu wako na wajomba wake walishuka kutoka milima ya Masisi kukuchumbia. Wakakaa mu salon, wakaongea na baba yako, wakaongea na mama yako, ng'ombe hivi, ng'ombe vile. Mimi nilikuwa nimekaa pale pembeni na kofia yenye kutafunwa, hakuna mutu aliyeniuliza kitu! Mimi, bwana yako wa kwanza! Hawajui desturi? Mujukuu mwanamuke, babu yake anamuoa siku anazaliwa, bila kutoa hata kuku, na mwanaume mwengine akimutaka ni lazima apite kwangu nimuachilie. Wewe mwenyewe ulikuwa unaambia wamama wa soko: "Bwana yangu ni huyu muzee, ananinunulia mandazi." Na nyumba uliyolala mpaka siku ulienda Bukavu ilikuwa ya nani? Ya baba yako?

Mama yako ananiambia kama siku ya ndoa unataka kuingia Kituku kwa njia ya maji, chini ya tanga la nyanya yako Pascasie, Mungu amulaze pema, vile yeye alitoka kwao kisiwa cha Idjwi kuja kuwa bibi yangu. Niliposikia hiyo nilitoka inje kidogo, juu ya moshi wa jiko uliniingia macho.

Nitakuachilia, lakini kwa sharti moja: tanga liwe jeupe. Pascasie alilishona kwa mikono yake, kitambaa cha amerikani tupu, na siku aliingia nalo lilikuwa linang'aa mpaka wavuvi walifunga macho. Siwezi kuingiza bibi ku Kituku chini ya kitu kichafu. Usihangaike. Liko vizuri mu depot, pale naweka vitu. Vumbi kidogo tu, nitapanguza.

Mimi bwana yako, wa meno mawili,
Baharanyi

*

Bukavu, tarehe 27 mwezi wa pili 2022

Babu Baharanyi, bwana yangu mwenye wivu,

Nimepata barua yako, nimeisomea wenzangu waalimu, wamecheka mpaka directeur akakuja kuuliza kama kuna mutu amekufa. Hapa niko muzima. Mvua inanyesha kila siku, chaki zinalowana, na watoto wa mwaka wa kwanza wanaandika sawa kuku wanaotafuta chakula. Pole kwa jino. Pole pia kwa mbuzi, maana ile kofia naijua, lazima tumbo linamuuma.

Babu, hebu tuseme ukweli. Mwaka jana, ile usiku volkano ilitukimbiza, tanga lilikuwa limelowa. Nilikuona mimi mwenyewe: ulilikunja na maji yake, ukalifunga kamba, ukalitupa mu depot nyuma ya makala, tukakimbia. Toka siku ile umelifungua? Mama Angèle ameniambia kwa simu (yeye yake haikuanguka mu ziwa) kama depot yako inanuka sawa kitunguu chenye kuoza, na paka wanapita mbali.

Ile si vumbi. Ile ni ukungu mweusi, ule wenye kuota ku mukate wa zamani. Nakuomba fanya hivi. Kwanza ulitoe inje likauke, ulipige brosse laini. Fanya hiyo mbali ya nyumba, na ufunge pua. Kisha maji safi na saboni ya kawaida. Ku madoa, paka ndimu na chumvi, uache jua lifanye kazi. Javel, ile dawa ya kung'arisha nguo, usitie hata tone, amerikani ni pamba, itaoza. Na usilikunje tena kama halijakauka mpaka mu mishono.

Tumeweka tarehe 13 mwezi wa nane. Wewe utanichukua Idjwi na bateau yako, tuvuke. Nimekuwa na hiyo picha mu kichwa tangu niko mutoto, kila mara Nyanya alikuwa ananielezea. Robe, nguo ya bibi arusi, naweza kuazima. Tanga siwezi.

Bibi yako asiyekuogopa,
Charline

*

Kituku, tarehe 24 mwezi wa ine 2022

Kwa bibi yangu mudogo mwenye kusikiliza maneno ya wauza sambaza,

Amani ya Pasaka, hata kama imechelewa. Mapendo alikuwa anakuja kila juma kuniuliza barua, na kila juma nilikuwa na kazi. Baba yako ana homa kidogo, anapona. Mjomba Luc amenunua pikipiki, ameanguka nayo mbele ya kanisa, sasa anaamini Mungu zaidi. Mbuzi wa Mama Angèle amezaa. Mapacha. Wote wana macho ya wizi.

Tanga nililifungua. Nakubali lilikuwa na hali. Nililitoa inje, nikapiga brosse vile ulisema. Nilipiga chafya mpaka nikafikiri jino lingine tena linaaga. Wingu la vumbi jeusi lilitoka, Mama Angèle akapiga kelele: "Muzee, volkano imerudi?" Watoto wakaanza kukusanya magodoro. Nikawaambia watulie, ni ndoa tu.

Nikalipeleka ku maji kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, nikafua na saboni, nikapaka ndimu na chumvi. Wamama wenye kufua pale wakaniuliza: "Muzee, unapika samaki gani mukubwa hivyo?" Madoa madogo yalitoka. Makubwa yalinitazama tu.

Na sasa liko linakauka. Bado. Mvua ya mwezi wa ine unaijua. Kwa kweli, Charline, nilikuwa nafikiri: mwezi wa nane si mwezi muzuri. Upepo wake ni wa kitoto. Noeli je? Noeli ni nzuri, watu wako na furaha tayari. Ao mwaka kesho, Pasaka. Ndoa haiharibike kwa kungoja, si samaki.

Niko nauliza tena kitu kidogo, nauliza tu. Kule kwao Bienvenu, Masisi, mutu akitoka Goma asubui, anafika saa ngapi? Pikipiki inafika mpaka mulangoni, ao kuna kupanda milima kwa muguu? Na mutu mwenye magoti sawa yangu?

Nauliza tu.

Baharanyi

*

Bukavu, tarehe 15 mwezi wa tano 2022

Babu,

Jambo. Niko muzima. Baba alinipigia, homa imeisha. Pongezi kwa mapacha ya mbuzi.

Nguo gani hii inakauka tangu Pasaka? Hapa Bukavu mvua inanyesha kuliko Goma, na mashuka ya internat, kule wanafunzi wanalala, inakauka kwa siku mbili. Nimemuuliza Mama Angèle. Alikataa kusema. Nikamuuliza tena. Akasema: "Mutoto wangu, mimi simo, lakini mule mu tanga muko tundu mbuzi anaweza kupita na mapacha yake." Babu! Tundu limetoka wapi? Ulikuwa na nia ya kuniambia siku gani, tukiwa katikati ya ziwa?

Mimi nakufahamu. Unataka tanga libaki chafu ili sharti lisitimie, na sharti lisipotimia mimi nibaki bibi yako mpaka nizeeke. Noeli! Pasaka! Ndoa ni tarehe 13 mwezi wa nane. Tanga likiwa jeusi, nitakuja kwa bateau ya wote, nikae juu ya mifuko ya mihogo na robe ya kuazima, na watu wa Kituku wataniuliza juu ya nini, na nitawaambia jina lako.

Juu ya kule tutaishi, jibu iko, lakini haiko mu barua hii.

Namutuma Bienvenu kwako. Alisema mwenyewe atafua lile tanga mpaka umuachilie bibi. Usimucheke sana. Hajui kuogelea, na ziwa linamutisha. Usimutie mu maji, Babu. Nakujua.

Charline

*

Kituku, tarehe 17 mwezi wa saba 2022

Kwa Charline, na upunguze hasira kabla ya kusoma,

Mapendo anasema barua yako ya mwisho ilikuwa inamuchoma mikono. Sisi wote tuko wazima, jua linawaka, sambaza zinatoka kwa wingi, na Padri Édouard amenipa kofia mupya. Ni ya padri wa zamani aliyerudi kwao. Ni kubwa, inafika ku masikio, sasa sisikie mahubiri. Asante Mungu.

Bienvenu wako alifika. Nilimuona akishuka barabara, anasukuma chukudu imejaa bidon za plastiki, jasho linamutoka. Nikafikiri: huyu ameleta pombe, labda tutaelewana. Akasimama mbali na maji, mbali kabisa, sawa mutu anayeona nyoka.

"Jambo, Babu."

"Mimi si babu yako. Mimi ni mupinzani wako. Unajua kuogelea?"

"Hapana."

"Kupiga kasia?"

"Hapana."

"Kushona nyavu?"

"Hapana, Babu."

"Sasa wewe unajua nini, mutoto wa watu?"

Akanitazama machoni bila aibu, akasema: "Najua maziwa."

Nilicheka mpaka yale meno mawili yakasalimiana.

Lakini sikiliza. Mama yake, Mama Léonie, anafanya fromage, ile jibini ya maziwa ya ng'ombe. Wakati maziwa yanaganda, maji makali yanabaki, yale wanapea nguruwe. Bienvenu ananiambia kwao nguo za ubatizo zikikaa vibaya zikaota ukungu, wanazilowesha mu yale maji, kisha jua. Nikamuambia: "Unataka kupikia tanga la bibi yangu mu supu ya nguruwe?" Akasema: "Ndiyo, Babu." Na hakucheka! Hapo nikaanza kumuogopa kidogo.

Ile pirogue yangu ya zamani, mutumbwi wenye kupasuka mudomo, tuliivuta inchi kavu, tukaziba, tukamimina maji ya fromage yote ya mule mu bidon, tukalaza tanga ndani. Tukavua viatu, tukaingia, tukalikanyaga. Yeye nyuma, mimi mbele. Nikamuambia: "Unaona? Uko ndani ya pirogue na huzame." Hapo ndio alicheka, huyu mutu wa milima.

Harufu, Charline! Paka wote wa Kituku walikuja, wakakaa mustari moja sawa Wakristo wanangoja komunyo. Mbuzi alikuja pia, kwa tabia yake. Mama Angèle alifunga pua na kikwembe, kitenge chake, akasema samaki zake zimelalamika. Padri alipita, nikamuomba baraka, akabariki kutoka barabarani.

Tukasuuza, tukalowesha tena, tukasuuza mpaka mikono ikawa sawa ya wazee. Yangu ilikuwa tayari. Madoa meusi yakawa majivu, majivu yakawa sawa chai yenye maziwa mengi, na jua la mwezi wa saba likamaliza kazi. Tulilitundika ku miti miwili, si ku mawe.

Na hapo nikuambie juu ya mawe, maana Bienvenu aliona tundu, hakuuliza, na kutouliza kwake kulinichosha kuliko maswali yako. Nililianika juu ya mawe ya volkano, vile Goma yote tunaanika bikwembe. Lakini kikwembe ni kidogo, unakiokota. Tanga ni kitu ya upepo. Upepo ulikuja, ukalivuta kwenda zake, na mawe yale, yenye meno mengi kuliko mimi, yakakataa kuliachilia. Nililisikia likipasuka. Nilikaa pale na mawe mpaka jua likazama. Nikafikiri, Baharanyi, wewe na haya mawe muko ndugu.

Sitaandika zaidi juu ya hiyo.

Tundu tumeziba. Bienvenu alishona, anashona vizuri, kwao wanashona mifuko ya ngozi. Kitambaa cheupe nilikipata. Usiulize wapi.

Kuja tarehe 13. Nitakuwa Idjwi mapema, na kofia.

Baharanyi

*

Bukavu, tarehe 28 mwezi wa nane 2022

Babu wangu mupenzi,

Tulifika salama, mimi na Bienvenu, na Mapendo alitupa nafasi nzuri juu ya mifuko ya maharagi. Tuko tunapanga vitu vyangu vya shule. Katungu, rafiki yangu wa Butembo aliyenisimamia, anakusalimia. Anasema hajawahi kucheza ndoa na muzee mwenye nguvu hivyo.

Kila nikifunga macho naona ile siku. Ulipopandisha tanga pale Idjwi, wamama wa kule, wale waliomujua Nyanya, walisimama kutazama, mumoja akasema, "Pascasie huyo," na wote wakapiga vigelegele. Lilikuwa jeupe, Babu. Si jeupe la dukani. Jeupe la maziwa. Na harufu! Nilikuwa bibi arusi wa kwanza wa ziwa Kivu kunukia fromage, na ndege walitufuata njia yote.

Tena upepo ukatuachia mbele kidogo ya Kituku, tanga likalala, na wewe ukaanza kutukana upepo kwa majina ya wakwe. Halafu Bienvenu. Nilikuwa namutazama pale inchi kavu na suruali mupya. Aliingia maji mpaka ku magoti, mpaka ku mukaba, macho amefunga, akashika kamba akatuvuta. Nilisikia ukisema polepole, ukifikiri sisikie: "Haya, huyu anaweza."

Sasa, shati. Jua lote lile, ngoma yote ile, ulikataa kutoa koti. Jasho linakudondoka, watu wanakuambia "Muzee, toa koti," unasema ni desturi. Katungu alipokuvuta mu ngoma na koti likaja lote mikononi mwake, watu waliona shati yenye mbele, yenye mikono, na kola yenye kutiwa pasi. Na mugongo hakuna! Padri Édouard alicheka mpaka akaomba kiti. Lakini mimi nilijua tangu ziwani. Nilikuwa nimelala nikitazama tanga juu yangu, nikaona kile kiraka kiko na mukunjo katikati, vile shati ya wanaume inakuwaga kati ya mabega. Ulikuwa na shati nyeupe moja tu, Babu. Nyanya alikununulia.

Mu mufuko huu Mapendo anakuletea muko shati ingine. Ina mugongo. Nimeangalia mara mbili.

Na lile jibu. Uliuliza saa ngapi kufika Masisi. Sijui, Babu, sitaenda kukaa kule. Bienvenu amepata nyumba ya mbao nyuma ya Mama Angèle, ile yenye mulango wa bleu. Unaweza kututukana ukiwa umekaa ku kiti chako. Atakuwa anauzisha fromage ya mama yake mu Goma, na mimi nimepata shule karibu. Mama Angèle alijua tangu mwezi wa tatu, ndiye alitutafutia. Nilitaka kukuambia. Lakini nilitaka kuona kwanza kama utalifua lile tanga ukiamini naenda mbali.

Mama Angèle amesema tena kitu: ile siku ya moshi wa jiko, jiko halikuwa na moto.

Charline wako

*

Kituku, tarehe 4 mwezi wa kenda 2022

Kwa yule aliyekuwa bibi yangu,

Mimi Baharanyi, muvuvi wa Kituku, nikiwa na akili zangu zote isipokuwa zile za jioni, leo mbele ya mashahidi, ndio Mama Angèle na mbuzi, ninamuachilia Charline. Sikumufukuza. Hakuniibia kitu isipokuwa mandazi. Alikuwa bibi muzuri, mwenye mudomo. Ninamupatia Bienvenu wa Masisi, mutu wa maziwa, aliyeingia ziwa akiwa amefunga macho. Akimusumbua, nitamurudisha mu pirogue, na mara hiyo itakuwa ku maji.

Hii ndio talaka. Iweke vizuri.

Kumbe ni talaka gani hii! Mutu anamuacha bibi asubui, jioni bibi anarudi na vyombo vyake na bwana mupya, anakaa nyuma ya nyumba, na wote wawili wanataka kula kwangu kila siku ya Mungu kisha misa. Mukuje. Bienvenu alete fromage. Mulango wa bleu nimeshaupaka rangi upya, ilikuwa imebabuka.

Wewe na Mama Angèle mulinificha miezi yote, na mimi natembea naulizia watu njia ya Masisi. Nilikuwa nimetafuta hata fimbo ya kupandia milima. Nimempa yule mbuzi kipigo kimoja nayo, mengine nimeacha. Moshi ulikuwako. Mama Angèle hasikie vizuri na haone vizuri.

Shati imefika. Ni nzuri, lakini mugongo ulikuwa umezoea upepo.

Tanga nimelisuuza tena mu maji safi, nimelitundika mpaka mishono ikakauka, nimelikunja, nimelitia mu mufuko na kuliweka juu, mbali ya makala. Mama Angèle alinikuta nikilikunja polepole akaniuliza: "Muzee, ndoa imekwisha. Unalitunza hivyo juu ya nani tena?"

Nikamuambia juu ya bibi yangu mwengine. Yule binti Charline atamuzaa, huyo nimekwisha kumuoa, na sharti langu ni lile lile.

Baharanyi, bwana asiye na bibi kwa sasa